Ndugu Mhariri, ratiba zenu za likizo ya mjini zinasahau kwamba watu wanakula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua niseme kuhusu zile ratiba mnazochapisha za likizo za mjini, zile za siku ya kwanza asubuhi kanisa kuu, saa nne makumbusho, saa sita mnara, saa nane daraja, jioni soko la zamani, kesho yake tena hivyo hivyo mpaka mtu anarudi uwanja wa ndege. Nazisoma kila zinapotoka na najua zinawasaidia watu kupata mwanga wa mji wasioujua, hilo sikatai, lakini jamani ndani ya hizo ratiba mtu anakula saa ngapi? Chakula mnakiweka mstari mmoja, "pata chakula cha mchana maeneo hayo", basi imeisha hiyo. Na hayo maeneo hayo, yani pale pale mlangoni mwa kivutio, mara nyingi ndo pabaya kuliko pote pa kula mjini.

Mi naona likizo ya mjini ipangwe kwa kuanzia kwenye milo halafu vivutio vifuate. Kivutio kimoja kikubwa kwa siku, mlo wa mchana wa kukaa chini, mlo wa usiku wa kukaa chini, na katikati miguu na kupumzika. Kikitokea cha pili kidogo njiani sawa, ni faida. Najua mtu akisoma hivi anasema sasa nimelipa nauli yote hiyo nikaone kitu kimoja kwa siku? Ndio. Ngoja nieleze kwa nini.

Chukueni makumbusho ya Louvre ya Paris kwa sababu karibu kila ratiba inayohusu Ulaya inayo. Mnaipa saa mbili. Louvre ni kubwa kiasi kwamba hata ukikaa siku nzima huimalizi, na wenyewe wameweka kikomo cha watu 30,000 kwa siku kwa sababu msongamano ulizidi, mwezi wa sita 2025 wafanyakazi wake waligoma milango ikachelewa kufunguliwa kwa sababu ya huo huo msongamano. Sasa mtu mwenye saa mbili anafanya nini, anakimbilia Mona Lisa. Picha yenyewe ni sentimita 77 kwa 53, iko nyuma ya kioo kizito, mbele yake kuna kamba na umati wa watu wameinua simu, unasogezwa sogezwa, unapiga selfi, unasukumwa pembeni, umemaliza. Ila chumbani humo humo, kwenye ukuta unaotazamana na Mona Lisa, pana picha kubwa kuliko zote za rangi humo ndani, Arusi ya Kana ya Paolo Veronese, ile arusi ya kwenye Biblia ambapo Yesu aligeuza maji kuwa divai, ilikamilika 1563, upana wake unakaribia mita 10 na urefu wake kwenda juu karibu mita 7. Watu wote wameipa mgongo! Na ni picha ya watu wanakula. Meza imejaa, wapiga muziki wako katikati, kuna mtu anamimina ile divai kutoka kwenye mtungi mkubwa wa mawe, juu kwenye roshani kuna wapishi wanakatakata nyama, kuna mbwa, kuna watumishi wanabeba sahani, wageni zaidi ya 100 kila mmoja na sura yake na nguo yake, na Yesu ametulia katikati ya yote hayo. Ile picha haikuchorwa kwa ajili ya makumbusho, ilichorwa kwa ajili ya ukuta wa chumba cha kulia cha watawa wa San Giorgio Maggiore kule Venice, yani watawa walikuwa wanakula chini ya karamu, mpaka jeshi la Napoleon lilipoibeba 1797. Ukikaa mbele yake nusu saa hutaki tena kwenda kukimbizana na vyumba vingine, utatoka hapo na njaa ya kweli na furaha.

Nusu saa hiyo ratiba zenu hazina.

Na sio kwamba watu ni wavivu. Mwaka 1916 bwana mmoja Mmarekani anaitwa Benjamin Ives Gilman, alikuwa katibu wa makumbusho ya sanaa ya Boston, aliandika makala kuhusu uchovu wa makumbusho, akaweka na picha za mtu anavyolazimika kuinama, kuchuchumaa na kupinda shingo ili aone vitu vilivyopangwa kwenye makabati na asome vibandiko vyake. Zaidi ya miaka 100 iliyopita alishaona kwamba mwili unachoka kabla macho hayajashiba. Kusimama simama kunachosha kuliko kutembea, mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye foleni anajua, mgongo wa chini unauma, nyayo zinawaka, na kichwa kinaacha kupokea. Ukifika kivutio cha tatu siku hiyo unapiga picha tu kwa ajili ya kuonyesha kwamba ulifika, usiku ukiulizwa uliona nini unafungua simu kujikumbusha.

Sasa nije kwenye chakula maana hapo ndo penye uchungu wangu.

Mgahawa ulioko uso kwa uso na kivutio maarufu unalipa kodi kubwa ya pango, na mteja wake karibu wote ni mtu ambaye hatarudi tena maisha yake yote. Hebu fikirieni hiyo hesabu. Ukimpikia vibaya leo kesho ana ndege, nafasi yake inachukuliwa na mwingine kutoka kwenye basi lingine, kwa hiyo hamna kinachomlazimisha mwenye mgahawa kupika vizuri. Wa mtaa wa nyuma ni kinyume chake, wateja wake ni watu wa ofisi za jirani, mafundi, wenye maduka, wazee wa mtaa, akiharibu mchuzi Jumatatu Jumanne hawaji. Hao wateja ndo wakaguzi, kila siku wanakagua bila kulipwa. Sisemi kila mgahawa wa mbele ya kivutio ni mbaya, ipo mizuri na ya miaka mingi, nasema tu kwamba mwenye huo mgahawa hana cha kupoteza kwa mgeni, na mgeni aliyechoka, ana njaa, ana watoto wanaolia, hana nguvu ya kuchagua. Ndo maana nasema chakula kikiachwa kwenye ratiba kinaamuliwa na uchovu.

Dalili zenyewe sio siri. Mtu amesimama mlangoni anakuvuta uingie. Menyu kubwa ya plastiki yenye picha za vyakula zilizopauka kwa jua, lugha sita saba. Menyu ina kila kitu cha nchi zote, vyakula 80, wakati jiko unaliona ni dogo, sasa hivyo 80 vinatoka wapi kama sio kwenye friza? Saa ya kula ya wenyeji imefika na waliokaa wote wana mabegi ya mgongoni na ramani. Ila hata hizi dalili msizichukue kama sheria za kila mahali, Japani kwa mfano migahawa mingi inaweka dirishani vyakula vya bandia vya plastiki vilivyotengenezwa kwa ustadi mkubwa kabisa, na ni vya wenyeji wala sio mtego wa watalii, unaingia unamwonyesha mhudumu kwa kidole hiki, umekula. Kwa hiyo mwandishi wenu wa safari kazi yake ingekuwa kutuambia mji huu dalili ni zipi, hilo ndo linalohitaji mtu aliyefika, majina ya minara hata simu inayo.

Twende rahisi kidogo. Mgeni anachotakiwa kufanya ni kutembea dakika kumi kutoka kwenye kivutio, kuvuka barabara mbili tatu, kuingia mtaa ambao hauna duka la sumaku za friji, na kuangalia saa sita saba mchana watu wenye vitambulisho vya kazi shingoni wanaingia wapi. Waingie wapi na yeye aingie hapo. Kama kuna kibao kimeandikwa kwa chaki na kimefutwa futwa, maana yake chakula kinabadilika kila siku na vingine vimeshaisha, hiyo ni habari njema.

Na saa za kula, ndugu mhariri, hizi mnatuangusha kabisa! Kila mji una saa yake na ukiikosa unalala na biskuti. Mtu anaenda Madrid na tumbo lake la saa sita mchana, anakuta jiko halijawaka, anaambiwa rudi saa nane. Anakula hovyo hapo mbele ya kivutio kwa sababu ndo penye chakula saa hizo. Usiku saa moja ana njaa tena, anakuta tena bado, wenyewe wanakula saa tatu usiku na kuendelea. Analalamika Wahispania hawana chakula! Kumbe angejua tu, siku ingejipanga yenyewe. Nitaandika hapa siku moja ya Madrid kama ambavyo ningetaka kuiona kwenye ukurasa wenu.

Asubuhi unaamka bila haraka, kahawa na kitu kidogo, unatembea mitaani, unaingia sokoni kuangalia tu. Saa nane mchana unakaa kwenye mgahawa wa mtaani unaomba ile menyu ya siku, wao wanaita menú del día, chakula cha kwanza, chakula cha pili, kitu kitamu au kahawa, mkate na kinywaji, vyote kwa bei moja iliyoandikwa mlangoni. Huu utaratibu ulianza miaka ya 1960 kwa agizo la serikali na wakati huo ulikuwa unalenga watalii, leo hii wafanyakazi wa ofisini ndo wanaoula kila siku ya kazi na watalii wengi hawaujui, wanasubiri usiku walipe zaidi. Unakula taratibu, saa moja na nusu inaisha hapo. Kisha unaenda bustani ya Retiro, miti na vivuli na bwawa la mitumbwi, unajinyoosha, mwenye kulala kwenye nyasi analala. Saa kumi na mbili jioni unashuka kwa miguu mpaka Prado, makumbusho ya sanaa, sio mbali hata kidogo, na Prado kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi saa mbili za mwisho, yani saa kumi na mbili mpaka saa mbili usiku, kuingia ni bure, Jumapili ni saa kumi na moja mpaka saa moja. Foleni ipo ila inakwenda. Ukiwa ndani usijaribu kumaliza, nenda kwa mchoraji Velázquez, picha yake Las Meninas ya 1656, kaa nayo, zunguka kidogo kwa mchoraji mwingine, Goya, toka. Saa tatu usiku umeshapata njaa na mji wote ndo unakaa mezani, na wewe unakaa nao. Siku hiyo mtu ameona kivutio kimoja lakini muulizeni atawasimulia usiku kucha.

Nimeandika hivyo kirefu kwa sababu nataka muone kwamba chakula ndo kilichopanga makumbusho. Ukianza na makumbusho hiyo siku haipatikani.

Kuna jambo la bili pia. Hili linaharibu likizo za watu wengi kuliko hata mvua. Mtu anafikiri ameibiwa kumbe ni utaratibu wa pale, au ameibiwa kweli anafikiri ni utaratibu. Marekani bei ya kwenye menyu haina kodi ndani yake, inaongezwa mwishoni, halafu mhudumu anategemea bakshishi ya asilimia 15 mpaka 20 kwa sababu mshahara wake umepangwa hivyo, ukiondoka bila kumwachia umemkata kipato chake cha siku. Ufaransa huduma imeshaingizwa kwenye bei kisheria, ukiacha chenji kidogo ni hiari yako. Italia utakuta kuna pesa ya kukaa mezani wanayoiita coperto, ni ya kila kichwa, nayo kwa kawaida imeandikwa kwenye menyu kwa maandishi madogo, na kahawa ukinywa umesimama kaunta ni nafuu kuliko ukikaa. Japani bakshishi sio desturi, ukiacha pesa mezani mhudumu anaweza kukukimbiza akurudishie akijua umesahau. Mistari minne tu hiyo, ingeingia kwenye kona ya ratiba yenu na watu wasingegombana mezani mbele ya watoto.

Na ile mashine ya kadi, unapolipa inakuuliza unataka kulipa kwa pesa ya kwenu au ya huku. Chagua ya huku. Siku zote. Ukichagua ya kwenu unakubali kiwango cha kubadilisha pesa walichopanga wao na mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki yako, tena mhudumu mwingine anakubonyezea mwenyewe bila kukuuliza kwa hiyo soma kioo kabla hujaweka namba ya siri. Mimi nilikuwa na mama yangu kwenye mji mmoja wa bahari, mgahawa sitautaja, mhudumu akabonyeza haraka haraka akasema mashine ndo inavyotaka, nikamwomba aifute aanze upya, akaifuta. Kumbe inawezekana.

Nimemtaja mama, basi niseme na hili. Mama ana kisukari na magoti yanamsumbua. Kwake yeye chakula kwa saa yake sio anasa, mlo ukichelewa mikono inaanza kutetemeka, jasho linamtoka, na hapo makumbusho yoyote hata yawe ya dhahabu hayana maana tena. Kusafiri naye kumenifundisha kuangalia mji tofauti. Naangalia benchi ziko wapi, choo kiko wapi, kivuli kiko upande gani wa barabara saa hiyo, ngazi ni ngapi, lifti ipo au imeharibika. Na nimegundua kwamba siku iliyopangwa kwa ajili ya mama ni nzuri kuliko siku niliyokuwa napanga peke yangu, kwa sababu tunakaa. Tukikaa tunaona. Unakaa kwenye benchi uwanjani unaona bibi anafungua dirisha anamwagilia maua, watoto wanatoka shule, mtu anashusha kreti za soda mgahawani, mpishi anatoka nje kupunga upepo na aproni yake, unajua hapa jiko linafanya kazi, jioni tunarudi kula hapa. Hiyo nayo ni kutembelea mji.

Kwenye ratiba zenu hakuna benchi hata moja. Maji pia hakuna, wakati Roma ina mabomba ya maji ya kunywa mitaani zaidi ya 2,000, yale ya chuma yanayoitwa nasoni, yalianza kuwekwa 1874, maji yanatiririka bure na ni ya baridi, unaziba mdomo wa bomba kwa kidole maji yanaruka juu kupitia tundu dogo unakunywa kama mtoto wa shule. Mgeni hajui anapita anaenda kununua chupa.

Usafiri nao. Mnasema "panda treni ya chini mpaka kituo fulani" kila mahali. Ile ramani ya treni za chini ya London, iliyobuniwa na Harry Beck na kuchapishwa 1933, ilinyoosha njia zote ziwe za kusomeka, umbali wake sio wa kweli. Kutoka Leicester Square mpaka Covent Garden kwa treni ni mita 260 hivi, ndo umbali mfupi kuliko wote kati ya vituo viwili kwenye mtandao mzima, mtu anashuka chini, anasubiri, anapanda, anashuka, anapanga foleni ya lifti, wakati kwa miguu ni dakika nne tano na njiani anapita mbele ya migahawa na majumba ya maigizo. Mji unaonekana ukiwa juu ya ardhi. Na kuna vyombo vya usafiri ambavyo vyenyewe ni kivutio, New York ile feri ya Staten Island ni bure kabisa tangu 1997, inatembea usiku na mchana, inapita ukiiona Sanamu ya Uhuru vizuri kabisa pembeni, dakika 25 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi, upepo wa bahari, unakaa, miguu inapumzika. Ukiipanga baada ya chakula cha mchana hapo ndo penyewe.

Vile vile kuna vivutio ambavyo bila kukata tiketi mapema onlaini hamna kitu na hili mngelipigia mstari mwekundu. Ile picha ya Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci kule Milan wanaingiza kikundi kidogo kidogo kwa dakika 15 tu, tiketi zinaisha wiki nyingi kabla, Jumatatu pamefungwa. Watu wanafika mlangoni na watoto wanarudishwa. Hiyo nayo imechorwa kwenye ukuta wa chumba cha kulia cha watawa, Santa Maria delle Grazie, naona wale wa zamani walijua kitu gani kinafaa kutazamwa mtu akiwa mezani. Ukishajua una hizo dakika 15 saa fulani siku fulani, siku yote ipange izunguke hapo, kula kabla, usiingie na njaa.

Sasa kuna watu watasema hii habari ya mtu kula wapi ni jambo lake binafsi, nyie wa gazeti haliwahusu. Linawahusu. Angalieni Venice. Wakazi wa mji wa zamani pale kisiwani wameshuka chini ya 50,000, na wageni wengi hawalali, wanakuja asubuhi wanakimbia kwenye uwanja na daraja wanapiga picha wanakula kipande cha kitu wamesimama wanaondoka jioni. Kuanzia tarehe 25 Aprili 2024 mji ukaanza kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 kwa siku zile zenye watu wengi, anayelala hotelini hatozwi hiyo. Barcelona nako manispaa imesema leseni za nyumba za kupangisha watalii kwa muda mfupi hazitahuishwa, mpaka Novemba 2028 ziwe zimeisha, na mwezi wa saba 2024 waandamanaji waliwarushia maji ya bastola za kuchezea watalii waliokaa kwenye migahawa ya nje. Iliniuma kuiona ile picha, kwa pande zote mbili, maana yule mtalii na yeye alikuwa anakula tu na watoto wake, na yule mwandamanaji kodi ya nyumba imemshinda. Lakini ukitazama utaona malalamiko ya wenyeji ni kwamba mitaa yao imegeuzwa, duka la mkate limekuwa duka la sumaku, mgahawa wa mtaa umekuwa wa menyu za picha. Na hiyo inatokana na watu wote kusoma ratiba moja na kumiminika sehemu moja saa moja. Mgeni anayekaa siku nyingi mahali pamoja, anakula mtaa wa nyuma mchana, anarudi hapo hapo kesho yake mpaka mhudumu anamkumbuka, pesa yake inaingia kwa mtu anayeishi pale. Gazeti ndo linaloandika ratiba kwa hiyo na gazeti lina mkono wake hapo.

Msinielewe vibaya, sitaki mtuandikie habari za migahawa ya nyota. Nyota zile za Michelin, alama wanazopewa migahawa bora, watu wanazinyenyekea mpaka wanasahau zilikotoka, wale walikuwa watengeneza matairi, kitabu chao cha kwanza 1900 kilikuwa cha kuwasaidia wenye magari wapate mafundi na pa kulala ili waendeshe zaidi na matairi yaishe, nyota za chakula zikaja 1926. Ni kazi nzuri na inaheshimika, na 2016 hata wauza chakula wa vibandani Singapore walipata nyota, ambako huo utamaduni wa kula kwenye vituo vya vibanda UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi 2020. Ila msomaji wenu wa kawaida hahitaji nyota. Anahitaji kujua wenyeji wanakula saa ngapi, wanakula nini mchana, wanalipaje, wanakaa upande gani wa mto.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Kila ratiba mnayochapisha, mtu mmoja akae aandike saa za kula za mji ule kabla hajaandika kivutio hata kimoja. Vivutio vikubwa visizidi kimoja kwa siku, vingine viwekeni pembeni kama vya akiba kwa mwenye nguvu. Andikeni mitaa ya kula sio jina la mgahawa mmoja, maana jina moja likitoka gazetini mwezi ule ule panajaa na mpishi anachoka, mtaa unabeba watu wengi. Andikeni bakshishi ikoje. Andikeni wapi mtu mzima anaweza kukaa bila kulazimika kununua kitu, na maji na choo. Kama kuna mtu wenu wa picha basi mara moja moja atupigie na meza, na mpishi, na watu wanavyokaa, minara tumeshaiona.

Na siku za kufungwa. Louvre inafungwa Jumanne, makumbusho ya Orsay yaliyoko ng'ambo ya mto yanafungwa Jumatatu, makumbusho ya Vatican yanafungwa Jumapili isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi ambayo ni bure na foleni yake inazunguka ukuta. Kuna familia inaweka akiba mwaka mzima inafika mlangoni inakuta kibao. Kama ratiba ya wiki ijayo imeshapangwa na haiwezi kubadilika tena, basi angalau hiyo siku ya kufungwa iongezeni kwenye mabano mbele ya kila jina, ni neno moja tu na nafasi yake haipungui kwenye ukurasa.

Msomaji wenu wa ukurasa wa safari